Motokari ya Nkambo na vyuma vine



Kila mwaka kapita wa wanafunzi anaandikaka neno katika karatasi hizi zetu mbele ya kwenda kufanya Egzetati. Walionitangulia waliandika juu ya nizamu, juu ya kuchelewa asubuhi, juu ya mashati yasiyofuliwa. Mambo hayo ni ya kweli, na ningeweza kuyaandika tena. Lakini mwaka huu mimi nilipata somo lingine, chini ya motokari, mgongo wangu juu ya karto na vumbi likinimwangikia machoni. Somo lile njo ninataka kuwaeleza. Litawafaa wale wa mekanike, na litawafaa hata wale wa Pedagogie wanaosema kama motokari ni mambo ya mafundi tu. Maana sisi wote tunapandaka motokari, na hakuna anayeuliza chini kuna nini.

Motokari yenyewe ni Peugeot 504 break ya Nkambo wangu. Wakubwa wanaijua vizuri. Peugeot walionyesha 504 ya kwanza mwaka 1968, na mwaka 1969 ilipewa zawadi ya motokari ya mwaka katika Ulaya. Ile ya break ni ndefu kupita ya kawaida: kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni metre 2.90, na ya kawaida ni metre 2.74. Tena nyuma haina resori mbili. Ina ine, mbili kila upande, sababu waliitengeneza kwa kubeba mizigo na watu wengi.

Nkambo aliinunua mwaka 1984, ikiwa imekwisha kutumika, wakati alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walianza kuondoka kazini katika yale yaliyoitwa « départs volontaires », naye alikuwa katika hesabu yao. Tangu siku ile motokari haikuwa tena ya kwendea matembezi Jumapili. Iligeuka kuwa shamba letu la pili. Ililipa minervali za baba zangu wadogo, na leo inalipa ya kwangu. Yaya yangu, mwenye miaka 26, njo anaiendesha. Anatoa mahindi na makala kwenye mashamba ya upande wa barabara ya Kasenga, anayaleta mjini.

Nkambo anapenda sana kuelezea habari za Safari Rally ya Afrika ya Mashariki. Anazijua kama wengine wanavyojua habari za TP Mazembe. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Miaka ile ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mkaaji wa Tanzania. Mwaka 1963 na mwaka 1968 motokari zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu, zingine zote zilibaki katika matope. Kiisha 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na Ove Andersson, na mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Nkambo akimaliza kusema hayo, anapigaka kapo ya motokari yake kwa kiganja na kusema: « Hii njo nkoo yake. » Ni kusema: hii ni ya ukoo ule.

Sasa nianze kuwaambia kosa langu.

Mwezi wa kumi na mbili Yaya alilalamika kama motokari inakaa chini sana nyuma. Akipakia mifuko 8 ya mahindi, mfuko mmoja kilo 50 hivi, nyuma ilikuwa inainama kama mutu mwenye kuumwa kiuno, na bomba la moshi lilikuwa linagonga mawe. Mimi nilikuwa nimetoka kufanya interro ya fizika juu ya resori, na nilipata pointi 18 juu ya 20. Nikamwambia Yaya: « Acha miye nihesabu. »

Nikachukua karatasi ya kadrili, nikachora, nikahesabu. Hesabu ilikuwa nzuri kwa macho. Nikaonyesha kama tukitoa resori moja kila upande, tukatia mahali pake resori ya gari zito zaidi, na chini ya kila resori tukaweka kipande cha chuma cha sentimetre 3, nyuma itasimama. Vipande vine. Yaya akatazama ile karatasi yenye mishale na herufi za Kigreki, akaniamini. Kapita wa wanafunzi, tena mwenye 18 juu ya 20! Tukatafuta resori katika vyuma vya kuzeeka, tukakata vile vyuma vine, na siku moja ya Posho tukavitia sisi wenyewe na kriki mbili. Nkambo alikuwa Likasi kwa kilio. Hatukumwambia kitu.

Kweli, motokari ikasimama. Tukapakia mifuko 8, haikuinama. Tukaongeza 3 juu ya galeri, haikuinama. Yaya alicheka kwa furaha, akanipa franga za kununua soda. Watoto wa avenue walisema: « Sasa iko kama ya rally! »

Hapa ninaomba msomaji asimame kidogo. Ile kuinama kwa nyuma, iliyotuchukiza, ilikuwa sauti ya motokari. Ilikuwa inasema: inatosha. Sisi hatukuiongezea nguvu kama tulivyofikiri. Tuliinyamazisha tu, halafu tukaibebesha mifuko 11.

Mwezi wa pili, siku ya Posho, tulikuwa tunarudi kutoka shambani. Yaya alishika volani, mimi nilikuwa karibu naye, na nyuma yetu alikaa dada yetu mdogo, mwenye miaka 11, aliyekuja kuona nkambo mwanamke kule. Mbele ya kufika barabara kubwa kuna njia ya udongo kilometre 9. Ni ile njia yenye matuta madogo-madogo ya kufuatana kama bati la nyumba. Kila dereva wa Katanga anaijua. Inashuka polepole mpaka kijito, na kabla ya daraja kuna viraji ya kushoto. Yaya hakuwa anakimbia. Mimi nilitazama kiloma kwenye tablo: 50.

Tulipoingia katika viraji, nyuma ikaanza kuruka-ruka kwa upande, kidogo-kidogo, kama meza ambayo watu wanaisukuma. Yaya akakanyaga freni. Mkia ukatoka kuume, sikusikia tena magurudumu, nikasikia tu mifuko ikikwaruza juu ya vichwa vyetu. Tukageuka karibu nusu na kuingia mufereji kwa ubavu. Vumbi. Mahindi yalimwangika kama mvua juu ya kioo. Kiisha nikasikia dada yetu analia, si kwa nguvu, lakini kwa sauti moja nyembamba isiyokwisha. Alitupwa juu ya mlango. Mkono wake wa kuume ulivunjika karibu na kiganja.

Walimtia plasta wiki sita. Ni mkono wake wa kuandikia. Alifanya interro za ile miezi kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilikuwa kama za mtoto wa kalasi ya kwanza. Hakulalamika. Lakini alikataa kupanda motokari. Hata kwenda mjini alisema afazali kutembea kwa miguu.

Nkambo alirudi, akaona ubavu wa motokari, akaona mkono wa mjukuu wake. Akamuuliza Yaya swali moja: « Ulikuwa unakimbia? » Yaya akajibu: « Hapana, Nkambo. » Nkambo hakusadiki. Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo. Wiki tatu Yaya alikaa chini ya mwembe bila kazi. Wiki tatu tulikula bukari na matembele tu, na minervali yangu ilichelewa.

Yaya hakutaja ile karatasi yangu ya kadrili. Hata siku moja hakuitaja. Na mimi nilinyamaza.

Wandugu, ninyi mnajua kazi ya kapita. Mwalimu akitoka, kapita anasimama karibu na tabulo na chaki mkononi, anaandika majina ya wanaosema. Wiki zile tatu niliandika majina yenu kama siku zote. Niliandika kwa mistari iliyonyooka. Usiku, nilipolala, nilikuwa ninasikia ile sauti nyembamba ndani ya vumbi.

Siku moja niliandika jina la mtoto wa kalasi ya chini, ambako nilitumwa kuangalia. Mwalimu akarudi, akamwita mbele. Mbele ya kupewa malipizi, mwingine akasimama nyuma kabisa, mdogo kabisa, akasema: « Mwalimu, haiko ule. Njo miye nilisema. Kapita alikosea. » Kalasi yote ikacheka. Mimi nikafuta jina na kuandika lingine, lakini chaki ilivunjika mkononi mwangu.

Jioni ile nilikwenda kwa Nkambo. Alikuwa anakaa inje, anasikiliza redio. Nikapiga magoti, nikasema:

— Nkambo, haiko Yaya. Njo miye niliambia Yaya atie bile byuma.

— Byuma gani?

Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Alizima redio.

— Juu ya nini haukusema?

— Nilikuwa na haya, Nkambo.

— Leta ile karatasi.

Nikaileta. Akavaa miwani, akaitazama wakati murefu, mshale kwa mshale. Kiisha akauliza: « Amortisere ziko wapi humu? » Hazikuwamo. Sikuzichora, maana katika interro hatukuulizwa amortisere. Nkambo akakunja karatasi. « Ulihesabu uzito, » akasema. « Hukuhesabu njia. » Akaniambia niende kuomba Yaya musamaha, tena nimpelekee ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe. Yaya aliupokea, akasema tu: « Aksanti, petit. Tuende kwa fundi. »

Tulikwenda kwa mzee mmoja fundi wa Kamalondo ambaye anatengeneza Peugeot tangu ujana wake. Ninaandika hapa yale aliyotufundisha, sababu wengi wenu nyumbani kwenu kuna motokari ya zamani, na wengi wanafanya kosa kama langu.

Kitu cha kwanza, hakushika ufunguo wowote. Aliweka mikono miwili juu ya kona ya nyuma ya motokari, akasukuma chini kwa uzito wake, akaacha. Motokari ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Tulihesabu mara nne. « Bona ile? » akasema. « Motokari muzima inapanda mara moja, inashuka, inatulia. Yenu iko inacheza. »

Resori na amortisere haviko kitu kimoja, hata kama vinakaa pamoja. Kazi ya resori ni kubeba uzito na kupokea kipigo. Lakini resori haimezi kipigo, inakiweka tu, kiisha inakirudisha. Anayemeza ni amortisere. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na kule mwendo unageuka kuwa moto. Mzee alitupa alama hii: ukitoka katika njia mbaya, gusa amortisere zote ine. Zile zilizofanya kazi ni za moto. Ile iliyo baridi imekufa.

Niliporudi nyumbani nilifungua tena kaye ya fizika, na safari hii nilihesabu vizuri. Chukua resori inayoshuka sentimetre 20 ikipokea uzito wake: mwili wa motokari utapanda na kushuka karibu mara 67 kwa dakika. Tia resori yenye ugumu mara mbili: itashuka sentimetre 10 tu kwa uzito uleule, na kucheza kwake kutakuwa karibu mara 95 kwa dakika. Maana yake, resori ngumu inarudisha kipigo kwa haraka na kwa nguvu, na inahitaji amortisere yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Mimi nilitia resori ngumu juu ya amortisere zilizochoka. Nilifunga mbwa mkali kwa kamba iliyooza.

Kosa la pili lilikuwa vile vyuma vine. Nilipoinua mwili wa motokari, amortisere zilibaki na urefu wao wa zamani. Kumbe zilikuwa karibu kunyooka zote. Gurudumu la ndani ya viraji likikuta shimo, halikuweza kushuka kulifuata. Lilining'inia. Na gurudumu lisilogusa chini halishiki kitu. Nilipima matuta ya njia ile kwa ruga: kutoka moja mpaka lingine ni sentimetre 70 hivi. Kwa kilometre 40 kwa saa, gurudumu linapigwa karibu mara 16 kwa segondi moja. Kama kila mara linaruka na halirudi upesi, nusu ya safari motokari iko hewani.

Kosa la tatu lilinisumbua kichwa kulielewa. Katika viraji, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda yale ya inje. Upande wa motokari ulio mugumu zaidi, mbele ao nyuma, njo unapokea sehemu kubwa ya kuhama huko. Mpira wa gurudumu ukibebeshwa uzito mara mbili, haukamati njia mara mbili. Unakamata chini ya hapo. Basi, mimi nilipofanya nyuma kuwa ngumu, nilipunguza mkamato wa nyuma. Tena mifuko 3 juu ya galeri ilipandisha uzito juu, na kuhama kukazidi. Njo maana mkia ulitoka wa kwanza. Yaya hakukosa kitu. Hata kule kukanyaga freni, ambako kulimaliza kuutoa mkia, kila mutu angefanya.

Mzee alianza kwa kutoa. Alitoa vyuma vine, akanipa mimi nivibebe. Akatoa resori za gari zito. Akapanga chini resori ine za namna ya kwanza, akazipima moja-moja kwa metre. Moja ilikuwa fupi kupita wenzake kwa sentimetre 2, imechoka. Akakataa kuitia. « Resori ni kama bafungwa wa minyororo, » akasema, « moja akichechemea, bote banachechemea. » Tukatafuta nyingine yenye urefu sawasawa.

Kiisha amortisere mpya, zote ine. Yaya alitaka kununua mbili za nyuma tu kwa sababu ya feza. Mzee akasema kama mbele zimechoka vilevile, na motokari yenye nyuma nzima na mbele mgonjwa itakuwa na kosa lingine. Katika 504, amortisere ya mbele inakaa ndani ya mguu wenyewe, resori ikiizunguka, na kuitoa ni kazi ya hatari: resori inakaa imefinywa, na ikiponyoka inaweza kuua mutu. Aliifinya kwa chombo chake cha vis mbili, akatukataza kusimama mbele yake.

Feza ilitoka wapi? Mimi nilikuwa nimeweka dola 60 kwa ajili ya kostime ya sikukuu ya finalisti. Nilizitoa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Zilikuwa deni. Zingine alitoa Yaya, na Nkambo akauza mbuzi mmoja.

Kitu cha tatu ni zile pete za mpira zinazoshika mikono ya chuma, ambazo mafundi wanaziita silamboloku. Zetu zilikuwa zimekauka na kupasuka kama bisimbu vya muhogo vilivyosahauliwa juani. Mpira wa namna hiyo unaacha gurudumu liende linakotaka. Hapa mzee alinifundisha siri ambayo wengi hawajui. Ukitia silamboloku mpya, usikaze bulo mpaka mwisho wakati motokari iko juu ya kriki, miguu ikining'inia. Teremsha kwanza, iache isimame juu ya magurudumu yake kwa uzito wake, njo ukaze. Ukikazia juu, ule mpira utakaa umesokotwa siku zote, na utapasuka upesi.

Nilimuuliza kama hatuwezi kutia mbele bari nene zaidi, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kuume ili motokari isilale katika viraji. Niliona katika picha za motokari za mashindano. Mzee akatikisa kichwa. Bari ile inasaidia juu ya gudro, alisema. Lakini katika njia ya mashimo kila gurudumu linataka uhuru wake, na bari nene inafanya shimo la kushoto lisumbue hata gurudumu la kuume. Akatia mipira mpya ya bari ileile, basi.

Mwisho akatazama magurudumu. Tulikuwa na mipira ya namna tatu mbalimbali. Tukapanga zilizofanana mbili mbele, mbili nyuma, tukatia hewa sawasawa. Kiisha kabisa njo akafanya paralelismo, kwa uzi murefu aliounyoosha kandokando ya motokari, akipima kwa ruga. Paralelismo ni ya mwisho, kamwe si ya kwanza, maana kila kitu ukigusa chini kinaiharibu.

Tulijaribu motokari katika kiwanja kimoja kitupu. Mbele ya kazi, tulikuwa tumepanga mabido 6 kwa mstari, metre 15 kati ya moja na lingine, na Yaya akapita kwa kuzungukazunguka. Kwa kilometre 30 kwa saa aliangusha mawili. Baada ya kazi alipita kwa 38 bila kugusa hata moja, na volani ilirudi yenyewe mikononi mwake. Nkambo alisimama kandokando na fimbo yake. Hakusema neno la Safari Rally. Alisema: « Kesho muweke mifuko munane. Haiko munane na moja. »

Hili nalo ni sehemu ya matengenezo, wapenzi wasomaji. Hakuna amortisere inayoshinda hesabu. Katika viraji ileile, ukipandisha mwendo kutoka kilometre 60 mpaka 80, nguvu inayokutupa inje inaongezeka karibu mara 1.8, si mara moja na kidogo kama tunavyofikiri. Motokari iliyotengenezwa vizuri inakupa nafasi ya kurekebisha. Ukiitumia nafasi ile kwa kukimbia na kuzidisha mzigo, umekwisha kuila.

Nimebaki na jambo moja. Plasta ya dada yetu ilitolewa mwezi wa ine. Posho moja Yaya alikuwa anakwenda shambani, na Nkambo akamuuliza kama anataka kwenda kuona nkambo mwanamke. Akatazama chini. Kiisha akatoka inje, akafungua mlango wa nyuma wa motokari, akatazama ndani, akatazama juu ya galeri. Ilikuwa tupu. Akapanda, akakaa katikati, akanishika mkono.

Wakati wa kurudi, mbele ya kuondoka, alishuka tena. Akazunguka nyuma na kuhesabu mifuko kwa kidole, kwa sauti: moya, mbili, tatu, mpaka munane. Akarudi mahali pake. Katika viraji ya kijito alinifinya sana vidole. Motokari iliinama kidogo upande mmoja, ikapita matuta, ikasimama sawa, ikapanda daraja. Akaniacha mkono.

« Haikuruka, » akasema.

Tangu siku ile Yaya haondoki shambani bila yeye kuhesabu, kama yuko. Siku moja mifuko ilikuwa 9, na Yaya alisema mmoja zaidi si neno. Alikataa kupanda. Yaya akateremsha ule mfuko, akauacha kwa jirani.

Vile vyuma vine ninavyo. Vinakaa juu ya meza yangu, vinashika karatasi za revizio ili upepo usizichukue. Na ule mtoto wa kalasi ya chini aliyesimama na kusema « njo miye », ninaandika hapa kama ninamshukuru. Jina lake niliisha kulifuta kwenye tabulo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho